Maswali na Majibu: Kijerumani cha Mezani kwa Anayeanza

Toleo lililopita nilishauri kwamba anayeanza Kijerumani aanzie kwenye chakula na vinywaji. Mazungumzo ya mgahawani ni mafupi, hujirudia, na ukikosea unajua papo hapo, kwa kuwa kosa lenyewe linaletwa mezani. Barua zilizofuata ni nyingi. Nimechukua zinazogusa matatizo ya wengi.

Shikamoo mwalimu. Nimeanza darasa la A1, ngazi ya kwanza kabisa, hapa Dar es Salaam. Daftarini nina "ich will", "ich möchte", "ich nehme" na "ich hätte gern". Nishike ipi?

Marahaba. Shika *Ich hätte gern*, nyingine zitafuata. Neno *hätte* ni kitenzi "kuwa na" kilichotiwa -nge- ya Kijerumani. Sisi tukitaka ombi lipoe tunasema "ningeomba" au "ningependa". Mjerumani naye anapooza ombi kwa njia hiyo hiyo. *Ich möchte* ni ya adabu pia. *Ich nehme* ni "nachukua", na inafaa ukiwa umeshasoma menyu na mhudumu amesimama na kalamu mkononi. *Ich will* ni "nataka" kavu, usimwambie mhudumu. Mkiwa wengi mezani na zamu yako imefika, *Für mich bitte...* inatosha, kisha taja kitu chako.

Kuhusu matamshi: *ch* ya *ich* si "sh" wala "k". Weka ulimi kama unayetaka kusema "yai", kisha puliza hewa bila kutoa sauti. Ile *ch* ya *Kuchen* (keki) ni nyingine. Hiyo ni "kh", kama watu wa pwani wanavyoitamka kwenye "kheri". *W* ni "v" yetu, *z* ni "ts", *ei* husomwa "ai" na *ie* husomwa "ii" ya kuvuta. Kwa hiyo *Wein*, yaani divai, ni "vain", na *Zucker*, yaani sukari, ni "tsuka".

Mwalimu, mimi ni muuguzi Mombasa, najiandaa kwenda Ujerumani kwa kazi. Kinachonitoa jasho ni "einen Kaffee", "eine Cola", "ein Wasser". Zote si moja? Nitajuaje ipi ni ipi?

Zote ni moja, dada yangu, lakini jiulize: kwa nini unasema kikombe *kimoja*, mkate *mmoja*, na sahani *moja*? Hukukaririshwa jedwali la ngeli ukiwa mtoto. Uliyasikia maneno yakiwa pamoja na kiambishi chake mpaka "mkate kimoja" ikaanza kukukwaruza sikio. Kijerumani kina makundi matatu tu, *der*, *die* na *das*. Mtu aliyekulia kwenye ngeli zetu hana sababu ya kuyaogopa.

Unapoagiza, kundi la *der* peke yake ndilo linalobadilika: *der Kaffee* inakuwa *einen Kaffee*. Wa *die* wanabaki *eine*, wa *das* wanabaki *ein*. Kahawa, chai, juisi na divai ziko kwenye *der*: *einen Kaffee, einen Tee, einen Saft, einen Wein*. Soda nyingi ni *die*: *eine Cola, eine Limo*. Maji na bia ni *das*. Basi usiandike *Kaffee* daftarini. Andika *einen Kaffee*, uyaseme pamoja kila siku kama jina moja refu. Wengi wanakwama hapa kwa sababu wamejifunza neno likiwa uchi, kisha mezani wanaanza kulitafutia nguo huku mhudumu anasubiri.

Ukitaka vikombe viwili mambo yanarahisika: *zwei Kaffee, bitte*. Neno halibadiliki, kama sisi tunavyosema "chai mbili". Na ukisahau ukasema *ein Kaffee*, kahawa utaletewa. Wajerumani wenyewe wakiongea haraka huimeza *einen* ikabaki *'nen*, au hata *'n*. Usahihi ni wa kufanyia kazi kila siku, lakini usikufunge mdomo.

Nilipita Frankfurt nikaagiza maji, nikaletewa ya gesi. Nilikosea wapi?

Hukukosea neno. Mgahawani kule, *Wasser* bila maelezo mara nyingi ni maji ya chupa yenye gesi. Sema *ein stilles Wasser*, au *ein Wasser ohne Kohlensäure*, yaani bila gesi. Maji ya bomba ni *Leitungswasser*. Ni salama kunywa, lakini usidhani kila mgahawa utakupa, wala kwamba ni bure. Ukipenda kitu chenye ladha kisicho kitamu kupita kiasi, jaribu *eine Apfelschorle*, juisi ya tofaa iliyochanganywa na maji ya gesi.

Assalaam alaykum mwalimu. Kijana wangu anatoka Unguja kwenda kusoma Ujerumani. Nataka ajue kuuliza kuhusu nguruwe na pombe kabla ya jambo jingine lolote.

Waalaykumu ssalaam, mzee wangu. Umeuliza la muhimu, nami nitalijibu kwa urefu.

Sentensi ya kwanza: *Ich esse kein Schweinefleisch*, sili nyama ya nguruwe. Ya pili, ambayo ina kazi zaidi: *Ist da Schweinefleisch drin?* Humu mna nguruwe? Aitamke huku anaonyesha chakula. Kisha ajue majina ya nyama nyingine ili jibu asikie: *Rind* ni ng'ombe, *Kalb* ni ndama, *Lamm* ni kondoo, *Hähnchen* ni kuku, *Pute* ni bata mzinga.

Tabu ni kwamba nguruwe hajitaji kila mahali kwa jina lake. *Schinken* (paja la kukaushwa au kupikwa) na *Speck* (nyama yenye mafuta, kama bekoni) kwa kawaida ni yeye. *Bratwurst*, soseji ya kuchoma, mara nyingi ni yeye. *Hackfleisch* ni nyama ya kusaga, na ikiandikwa *gemischt* ni ng'ombe na nguruwe pamoja. *Mett* ni nguruwe wa kusagwa anayeliwa mbichi juu ya mkate. Supu ya dengu na viazi vya kukaanga (*Bratkartoffeln*, si chipsi), vitu ambavyo mtu angevidhania havina nyama kabisa, mara nyingi vina vipande vidogo vya *Speck*. *Schmalz* mara nyingi ni mafuta ya nguruwe. Peremende laini zenye *Gelatine* nazo aziulizie.

Kuna tofauti moja ya maandishi ambayo kijana aikariri. *Wiener Schnitzel* lazima iwe nyama ya ndama. *Schnitzel Wiener Art*, yaani "ya mtindo wa Vienna", kwa kawaida ni nguruwe. Neno moja la ziada limebadilisha mnyama mzima.

Asitegemee zile herufi na tarakimu ndogo pembeni ya majina ya vyakula kwenye menyu. Zinaeleza vitu vinavyoweza kuwadhuru wenye mzio, kama karanga, maziwa na mayai, pamoja na viungo vya kuhifadhi na kutia rangi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataja makundi 14 ya mzio, na nguruwe hamo. Lazima aulize kwa mdomo.

Upande wa pombe: *Ist da Alkohol drin?* Keki maarufu ya *Schwarzwälder Kirschtorte* hutiwa pombe kali ya cheri, na mchuzi wa nyama mara nyingine hupikwa kwa divai. Na neno *alkoholfrei* kwenye bia halina maana ya sifuri: Ujerumani bia inaruhusiwa kuitwa hivyo ikiwa na pombe hadi asilimia 0.5. Isiyo nayo huandikwa *0,0 %*.

Kwenye duka la *Döner*, ile nyama ya Kituruki inayokatwakatwa na kutiwa ndani ya mkate, aulize *Ist das Fleisch halal?*, nyama hii ni halali? Neno *halal* linafahamika sana huko, halihitaji tafsiri.

Mwalimu, naweza kuagiza bila tatizo. Lakini muuzaji akiniuliza swali moja tu nabaki nimeduwaa. Niko Berlin mwezi wa pili sasa.

Nafurahi umeandika hivyo, maana ndilo jambo ninalotaka wasomaji wote walisikie. Tunajifunza kusema, hatujifunzi kusikia. Kumbe maswali ya muuzaji ni machache, na yanakuja kwa mpangilio ule ule. Ukiyajua kabla hayajaulizwa, sikio linakamata neno moja tu na akili inajaza mengine.

Kwenye duka la mikate utaanza kusikia *Was darf's sein?* au *Was bekommen Sie?* Zote ni "nikupe nini?" Hiyo *bekommen* ni "kupata", usiichanganye na *become* ya Kiingereza. Ukinunua mkate mzima: *Geschnitten oder am Stück?* Ukatwe vipande au ubaki mzima? Kisha *Sonst noch etwas?* Kingine? Hapo jibu *Nein danke, das wär's*, hapana asante, ni hayo tu. (Umeiona -nge- tena, imejificha kwenye *wär*.) Mwisho *Zum Mitnehmen oder zum Hieressen?* Hilo ndilo "unakula hapa au nikufungie?" la kwetu. Wengine watauliza kwa neno moja, *Mitnehmen?*, na sauti ikipanda mwishoni.

Kwenye *Döner*: *Mit allem?* au, kwa lugha ya mtaani, *Mit alles?* Anataka kujua kama akutilie kachumbari yote. *Zwiebeln?* ni vitunguu. *Welche Soße?* ni mchuzi gani: wa majani (*Kräuter*), wa kitunguu saumu (*Knoblauch*), au wa pilipili (*scharf*).

Fanya zoezi hili nyumbani: mtu akusomee maswali hayo haraka, bila mpangilio, nawe jibu kwa neno moja moja. Siku kumi, dakika tano tano. Na ukikwama dukani, *Noch einmal langsam, bitte* si aibu. Unamwomba arudie polepole.

Tahadhari moja: ukiulizwa *Noch Kaffee?*, yaani kahawa zaidi?, ukajibu *Danke* peke yake, hutaongezewa. Ni kama kwetu mtu akikukaribisha chakula ukasema "asante" ukaishia hapo, ameelewa umeshiba. Ukitaka, sema *Ja, gern*.

Niko Muscat, nitakwenda Munich kwa matibabu ya mama. Naogopa bili. Namba zao zinanichanganya.

Wewe unaishi kwenye Kiarabu, basi umeshafika nusu ya njia. Waarabu husema moja na ishirini, na Wajerumani vilevile: *einundzwanzig*, moja-na-ishirini. Sikiliza mpaka mwisho kabla ya kuandika tarakimu. *Vierundzwanzig achtzig* ni yuro 24 na senti 80.

Kuita bili: *Zahlen, bitte*. Utaulizwa *Zusammen oder getrennt?* Pamoja au kila mtu yake? Huko ni kawaida kila mmoja kulipa alichokula, na rafiki akisema twende tukale hajasema atalipa. Akisema *Ich lade dich ein*, hapo amekualika. Bakshishi ni kama asilimia 5 hadi 10, na haiachwi mezani. Unaitaja wakati wa kulipa. Bili ikiwa 18.40, unatoa noti unasema *Zwanzig, bitte*, naye anajua chenji yake ni ipi. Ukisema *Stimmt so*, maana yake baki nayo. Ulizia kadi mapema, *Kann ich mit Karte zahlen?*, kwa sababu sehemu ndogo ndogo nyingi hupokea taslimu tu.

Na "hela" unayoitoa mfukoni ni neno lao. Sarafu ya *Heller* ililetwa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904, heller 100 kwa rupia moja. Sarafu ikaondoka, jina likabaki mdomoni kwetu.

Mwombee mama afya kutoka kwetu sote.

Salaam mwalimu. Mimi ni weita Diani. Wajerumani wanakuja wengi. Mnafundisha kuagiza; nani atatufundisha kuhudumia?

Kaka, umetukumbusha haki. Kwako *Sie*, "wewe" ya heshima, ni lazima, kamwe si *du*, "wewe" ya kuzoeana, hata mgeni akiwa kijana. *Was möchten Sie trinken?* Mngependa kunywa nini? Kisha *Haben Sie schon gewählt?* Mmeshachagua? Chakula kikifika, *Guten Appetit*, yaani karibuni chakula. Wakimaliza, *Hat es Ihnen geschmeckt?* Mmekifurahia chakula? Na ujihadhari na neno *Menü*: kwao ni mlo kamili uliopangwa, wenye bei moja. Karatasi ya vyakula ni *Speisekarte*.

Utakapong'ara zaidi ni kueleza chakula chetu. Samaki wa kupaka: *gegrillter Fisch in Kokossoße*. Pilau: *Gewürzreis mit Fleisch*. Ugali: *fester Maisbrei*. Mahamri: *Hefegebäck mit Kardamom*. Na kabla hajaigusa pilipili, *Vorsicht, scharf!*

Kwa nini mkate mdogo una majina mengi? Nimehamia Bavaria kutoka Köln, sasa kila kitu kipya.

Ni kama mandazi na mahamri, inategemea uko wapi. *Brötchen* ya Köln ni *Semmel* huko uliko, na Berlin ni *Schrippe*. Donati yenye jamu inaitwa *Berliner* sehemu nyingi, Bavaria ni *Krapfen*, na Berlin kwenyewe wanaiita *Pfannkuchen*. Hata Köln ulikotoka, *Halver Hahn* inasikika kama nusu jogoo, lakini ni mkate wa nafaka ya rai (*Roggen*) na kipande cha jibini.

Jina likikupotea mbele ya kioo cha duka, onyesha kwa kidole useme *Das da, bitte*, kisha uliza *Wie heißt das hier?* Hilo linaitwaje huku? Watakuambia, nawe utaliandika.