Mlima wako unatokea kama kichuguu? Punguza rangi

Kilimanjaro yangu ya kwanza ya rangi za maji niliipakia barazani kwetu hapa Rau, Moshi, nikamwonyesha bibi, akaiangalia weee halafu akaniuliza, "mjukuu wangu, hiki kichuguu umekiona wapi?" Iliniuma ila alikuwa na haki, mlima niliukandamiza bluu nzito halafu migomba ya mbele nikaipaka kijani cha uoga, yaani Kibo, kile kilele chenye theluji, ikaja mbele kama imeegemea ukuta wa jirani.

Shida ni kichwa aisee. Unajua mlima una mita 5,895 basi mkono nao unataka kuonyesha ukubwa. Kumbe kati yako na Kibo kuna hewa kibao, ina unyevu na vumbi na inatawanya mwanga wa bluu, ndo maana kitu kikiwa mbali kinapauka, kinaelekea bluu na kingo zake zinalainika.

Siku hizi saa kumi na mbili asubuhi nishatoka, maana ukichelewa chelewa mawingu yanaufunika. Karatasi nunua nene, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ile ya daftari ikilowa inajikunja kama chapati. Theluji usiipake, ni weupe wa karatasi yenyewe unauacha. Mlima maji mengi rangi kidogo, bluu na tone la kahawia ili isiwe bluu ya ndoo, halafu hapa ndo utamu ulipo: rangi ikiwa bado mbichi chukua brashi safi yenye maji tu, pitisha ukingo wa chini wa mlima taratibu, utaona rangi inashuka inayeyuka yenyewe, huo ndo ukungu wa msituni na wala hujauchora.

Sasa subiri. Gusa karatasi kwa mgongo wa kiganja, ikiwa ya baridi bado mbichi, ukipaka juu yake maji yanarudi yanaacha madoa kama koliflawa (masika nimeharibu nyingi hivyo, hazikauki bana). Ikikauka weka vilima vya kati, vimekolea kidogo, mwisho kabisa migomba, na hiyo piga nzito kuliko unavyothubutu kwa sababu rangi za maji zikikauka zinapauka. Mgomba mmoja mpe majani yaliyochanika chanika, iliyobaki iwe vivuli tu.

Na Mawenzi jamani, kile kilele cha pili, kulia, msiisahau.

Ile ya kichuguu bado ninayo, nyuma yake ndo najaribia rangi.