Nyanya zipumzike kidogo

Mliuliza wiki hii: mapishi ya nyumbani yakishakuwa yaleyale, unajinasuaje? Najua wengi watashauri ufungue simu, utafute video, ujaribu kitu kipya. Nimepita huko. Nusu ya vitu wanavyovitaja hutavikuta Soko la Majengo hapa Dodoma, na hivyo utakavyovikuta vinamaliza hela ya mboga ya wiki nzima. Krimu, jibini ya kuyeyuka, oveni ya kuokea. Mimi nina jiko la gesi la pleti mbili, na la mkaa liko uani.

Jibu langu: mboga iache ileile, badilisha unavyoianza.

Angalia sufuria yako. Mafuta, kitunguu, kikigeuka rangi unatia nyanya, karoti ya kukwangua, hoho, chumvi, na kile kiungo cha pakiti ambacho hatukikosi. Jumatatu yanaingia humo maharage, Jumanne dagaa, Jumatano mchicha, na nyama mshahara ukitoka. Kisha mtoto akisema "leo tena?" tunamwona ana kiburi. Kwani kakosea nini? Jina la mboga limebadilika lakini mchuzi ni mmoja. Mimi ni mtu wa Tanga, na hata kule kwetu siku hizi unaweza kualikwa nyumba tatu mfululizo, zote ukakuta rosti ya nyanya.

Na nyanya yenyewe ni mgeni kwetu. Ilitoka Amerika, pamoja na mahindi, maharage, karanga, muhogo na pilipili kali. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, pwani nzima hapakuwa na mtu aliyewahi kuonja ugali wa mahindi. Lakini watu walikula, tena vizuri. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Mogadishu mwaka 1331 akaeleza alichoandaliwa: wali wa samli kwenye sinia kubwa la mti, michuzi ya kuku, nyama, samaki na mboga, achari za ndimu na maembe mabichi, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Hayo yote bila hata nyanya moja.

Hizo ndizi ndizo zilizoniamsha. Nyumbani kwangu ndizi ni za nyama au za kukaanga, basi. Nikazipika hivi: paka mafuta mikononi kwanza, maana utomvu wa ndizi mbichi ukishika vidole hautoki kwa sabuni. Menya, katakata, chemsha kwa maji na chumvi mpaka zianze kulainika. Punguza maji, mimina maziwa freshi, tia kitunguu kidogo na pilipili manga ya kutwanga, moto uwe mdogo. Usiondoke hapo. Wanga wa ndizi unaingia kwenye maziwa na ule mchuzi unakuwa mzito wenyewe, bila unga wala kitu. Mwisho kijiko cha samli. Mwanangu mkubwa alidhani nimetia nazi. Mume wangu alikula kimya, kisha akachukua mwiko akakwangua sufuria, na kwa anayemjua hiyo ndiyo sifa yake ya juu.

Baada ya hapo nikaanza kuuliza watu wanavyoanza sufuria zao. Dodoma ni pazuri kwa hilo, hasa tangu serikali ihamie huku. Mtaani kwetu kuna Wagogo wenyewe, Wachaga, watu wa Bukoba, wa Songea, wa Kigoma. Ukiuliza "kwenu mchicha mnautia nini?" hakuna anayekunyima jibu. Wengine watakuita jikoni kabisa.

Jirani yangu wa Kigoma ndiye aliyenifundisha kisamvu cha mawese, ambacho ng'ambo ya ziwa, Kongo, wanakiita sombe. Mimi kisamvu nilikijua cha nazi tu. Kwake hakuna kukaanga. Majani ya muhogo yakishatwangwa yanabandikwa kwa maji mengi, sufuria wazi, yachemke saa 1 na zaidi. Hapo msifanye haraka: majani ya muhogo mabichi yana sumu ya sianidi, na kule kutwanga na kuchemsha bila mfuniko ndiko kunakoitoa. Maji yakikaribia kukauka anatia kitunguu, bilinganya iliyokatwa vipande vidogo, pilipili nzima, na dagaa wa Kigoma wakavu. Mawese yanakuja mwisho, kijani kinageuka rangi ya kutu, na harufu inajaza nyumba. Niseme ukweli, harufu hiyo si ya kila mtu. Mdogo wangu alipokuja kututembelea alisema inamkumbusha sabuni ya kufulia. Alikula ugali kwa chumvi, sisi tukagawana fungu lake.

Karanga ndizo rahisi kuliko zote na sijui kwa nini tunaziachia mchicha peke yake. Unga wa karanga zilizokaangwa unakubali maharage, kuku wa kienyeji, mpaka samaki mkavu. Uukoroge pembeni na maji ya uvuguvugu kabla ya kumimina, la sivyo utafanya mabonge, na moto uushushe kwa sababu karanga zinashika chini upesi. Ila zichague wewe mwenyewe punje kwa punje kabla ya kusaga. Zilizosinyaa, zenye ukungu au uchungu tupa. Mkoa wetu na wenzetu wa Manyara mwaka 2016 tulizika watu kwa sababu ya sumukuvu kwenye mahindi, na kuvu huyohuyo anapenda karanga. Unga wa karanga ulioshasagwa mimi sinunui hata uwe wa bei gani.

Dagaa, hasa hawa wa Mwanza, nimewatoa kabisa kwenye nyanya. Wakate vichwa, waoshe kwa maji ya moto, wakaushe kwenye kikaango kisicho na mafuta mpaka waanze kunukia. Halafu chukuchuku: maji kidogo, nyanya chungu, bamia, pilipili, chumvi, na ndimu ukishaipua. Ladha ya dagaa mwenyewe inarudi. Kwenye rosti ilikuwa imezama.

Mnavu nilipewa na mwenzangu kazini, mama wa Kisumu ambaye kwao wanauita osuga. Wanauchemsha, wanamwaga maji ya kwanza yenye uchungu, wanatia maziwa na kuuacha ulale ndani ya sufuria hadi kesho yake ndipo wanaupasha tena. Sikuamini mpaka nilipoonja. Uchungu unabaki, lakini umepoa.

Nazi naitaja mwisho makusudi, kwa sababu mtu wa Tanga akianza na nazi hamtasoma mengine. Huku bara nazi ni ghali na nyingine zinafika zimeshaoza, kwa hiyo itikise sikioni. Isiyo na sauti ya maji iache palepale. Makosa ninayoyaona kwa majirani ni kutia tui lote kwa mpigo. Tui jepesi ndilo la kupikia. Lile zito linakuja mwishoni, na unakoroga bila kupumzika mpaka lichemke, ama sivyo linakatika na unabaki na mafuta juu ya maji. Kwa sato wa kuchoma, tui zito ulichemshe peke yake na ukwaju, kitunguu saumu na tangawizi mpaka liwe kama uji mzito, ndipo umpake samaki akiwa juu ya mkaa, umgeuze, umpake tena. Mombasa na Lamu huyo ndiye samaki wa kupaka. Mkaa lazima; kwenye kikaango usihangaike.

Sasa, utaratibu. Mimi hufanya hivi siku moja tu katika wiki, na siyo Jumapili. Jumapili kuna wageni, na mgeni si wa kufanyiwa majaribio. Huchagua siku ya katikati, wote tuko nyumbani na hakuna anayetegemea muujiza. Ugali au wali unabaki ulivyo, ili mboga ikikataliwa tumbo lisilale tupu. Siku nyingine zote nyanya inarudi kazini, na hapo sioni haya. Mtu aliyetoka kazini saa 12 jioni hawezi kutwanga karanga. Vilivyokataliwa kwangu ni mlenda (watoto wanasema unawateleza kabla hawajautafuna, na nimewaacha, ingawa wenyeji wangu wa hapa wananicheka) na maharage ya mawese.

Na nina ombi kwa wasomaji wenzangu wa Uganda. Nataka kupika luwombo, nyama au kuku ndani ya mchuzi wa karanga, iliyofungwa kwenye jani la mgomba na kuiva kwa mvuke. Jani najua linapitishwa kwenye moto kwanza lilainike lisipasuke. Shida ni kwamba Dodoma migomba ni ya kutafuta, na nikilipata jani linakuwa limeshachanwa na upepo. Je, majani mawili madogo yakipishanishwa yatashika mchuzi, au unavuja? Na kuna anayefungia kwenye karatasi ya foili ikatoka na ladha ileile? Mwenye jibu aliandikie gazeti, nitalisoma.