Nianze sheria mwaka huu au nisubiri niombe tena? Majibu ya maswali yenu

Tangu matokeo ya fomu siksi yatoke meseji zimejaa, na karibu zote zinauliza kitu kimoja: nianze sasa au nikae mwaka mmoja niombe upya. Mi ni wakili hapa Dar, nimechagua matano yanayowakilisha wengi, majina nimeyatoa.

Shikamoo wakili. Nilisoma HGL (History, Geography na English), nina C ya English, D ya History na D ya Geography. Sheria UDSM nimekosa, nimepata sheria chuo binafsi Mwanza. Baba anataka nisubiri mwakani niombe tena UDSM.

Marahaba mdogo wangu. Jiulize kwanza, mwakani utapeleka nini ambacho mwaka huu hukuwa nacho? C yako ni pointi 3, D ni 2, masomo mawili yanakupa 5, umeivuka ile 4 ya TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, ndo mana umepata chuo. Ukikaa nyumbani mwaka mzima halafu ukarudi na cheti kilekile utakutana na wadogo zako waliomaliza na A na B zao na nafasi ni zilezile, kwa hiyo utakosa tena na mwaka utakuwa umeenda. Kama uko tayari kurisiti (kurudia mtihani) kama PC, yaani mtahiniwa binafsi, ujisajili mapema na usome kwelikweli, hapo mwaka wa kusubiri una kazi, na mi nitakuunga mkono. Vinginevyo nenda Mwanza. Mbele ya safari wote mnakutana Law School, shule ya mafunzo ya uwakili baada ya digrii, suti nyeusi shati jeupe, mtihani mmoja, na huko hakuna maksi za jina la chuo ulichotoka.

Ila msikilize baba vizuri, mara nyingi mzazi akisema subiri anamaanisha ada ya chuo binafsi haipo. Kama ndo hivyo muongee hesabu waziwazi, na kama bodi ya mikopo imekupa kidogo usikate tamaa kabla dirisha la rufaa halijafunguliwa, peleka nyaraka zote. Na kama umechaguliwa zaidi ya chuo kimoja konfemu ndani ya muda, kuna watu kila mwaka wanapoteza nafasi kwa sababu ya namba ya kuthibitisha waliyotumiwa kwenye simu hawakuifungua.

Nimepangiwa Sosholojia, moyo uko kwenye sheria. Niripoti halafu nihame kozi nikifika?

Usiende kwa tegemeo hilo. Kuhama kozi kuna siku chache tu mwanzoni mwa muhula, nafasi iwepo upande wa sheria na pointi zako ziwe zinatosha kule, na kama zingetosha pengine ungechukuliwa toka mwanzo. Njia ninayoipenda mimi ni diploma ya sheria, kwa mfano Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto. Kuna baridi kule beba sweta, lakini unasoma sheria tangu siku ya kwanza, na ukitoka na GPA ya 3.0 kwenda juu unaombea digrii kwa diploma hiyo, zile alama za fomu siksi zinakuwa hazikubani tena. Ni miaka miwili ndio, lakini ni miaka ya sheria.

Wakili mimi niko Mombasa. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, nilipata C+, Kiingereza B- na Kiswahili B-. Kuna chuo kimeniambia nianze tu LLB (digrii ya sheria), mambo ya Kenya School of Law nitayaona baadaye. Nianze?

Hapana dadangu, hapa nakuomba usimame kwanza. Kigezo cha kuingia Kenya School of Law (KSL), unakopitia baada ya LLB ili uwe wakili Kenya, ambacho kimewasumbua wenzako wengi ni C+ ya jumla pamoja na B kamili ya Kiingereza au Kiswahili, na wewe una B- zote mbili. Kuna watu Kenya wamesoma LLB miaka minne, wamehitimu, wazazi wamechinja, halafu wakafika mlango wa KSL wakarudishwa kwa sababu ya gredi ya sekondari, kesi zikaenda mahakamani na ziliwachukua miaka mingine. Usiingize ada ya miaka minne ukitegemea jaji atakuokoa. Iandikie KSL yenyewe, waeleze gredi zako na njia unayotaka kupita, upate jibu la maandishi, sio la mtu wa udahili anayetafuta wanafunzi. Na fikiria sana kurudia KCSE, we ni mtoto wa Pwani, Kiswahili unakiongea tangu asubuhi, B- kwenda B ni hatua moja tu, mwaka mmoja huo sio hasara hata kidogo.

Nimemaliza LLB mwaka jana. Nikikumbuka yale matokeo ya Law School naogopa. Niingie sasa au nifanye kazi kwanza?

Matokeo unayosema ni ya 2022, wanafunzi 633, waliopita moja kwa moja 26, sapu (wa kurudia baadhi ya mitihani) 342, disko (walioondolewa) 265. Nchi nzima iliongea mpaka waziri akaunda kamati chini ya Dk. Mwakyembe. Hofu yako naielewa, ila hofu haiondoki kwa kukaa.

Juzi nilikaa na kijana kama wewe ofisini, nikampa karatasi nikamwambia mtu kakopesha milioni 40 hajalipwa, niandikie hati ya madai. Akaandika kurasa mbili, Kiingereza safi kabisa, historia yote ya mkopo ipo, lakini hakusema kwa nini mahakama ile ndo yenye mamlaka, na mwisho hakuweka verifikesheni, yaani pale mdai anaposema aya hizi nazijua mwenyewe na hizi nimeambiwa na naziamini. Nikampa kiapo aandae, jurati, ile sehemu ya mwisho inayoonyesha kiapo kimeapwa mbele ya nani, haina mahali wala tarehe ya kuapa. Huyu ana digrii nzuri tu! Chuo kilimfundisha sheria inasema nini, mkono haujazoea kuandika.

Kwa hiyo kama unasubiri, subiri ndani ya chemba ya wakili. Miezi sita inatosha. Omba hata kama hawalipi zaidi ya nauli, ufaili, uandike, ukosolewe kwa kalamu nyekundu, uende kortini ukae nyuma usikilize shahidi anavyohojiwa. Law School inachukua wanafunzi kwa makundi (koho), ukiiacha hii kuna inayofuata. Lakini ukienda kuajiriwa sehemu isiyo na uhusiano na sheria ukisema nakusanya ada kwanza, nakwambia kwa uchungu, nawajua watu waliosema hivyo na hawajarudi mpaka leo, mshahara unaingia, watoto wanakuja, CPC, kitabu cha sheria ya mwenendo wa kesi za madai, imejaa vumbi.

Habari kaka. Mi ni mwalimu Dodoma, miaka 38, watoto watatu. Fomu siksi nilipata principal mbili (masomo makuu mawili niliyofaulu), C na C. Nisubiri wakue ndo nisome sheria?

Nzuri dada, hongera kwa kazi ya kulea na kufundisha. Usiwasubiri. C zako hazijaisha muda, na Chuo Kikuu Huria wana kituo hapohapo Dodoma, unalipia kwa kozi unazochukua muhula huo, kwa hiyo mwaka mgumu unachukua chache. Cha kusubiri ni barua moja tu, ruhusa ya mwajiri, iombe wiki hii kabla dirisha la maombi ya chuo halijafungwa. Na uanze kuulizia likizo ya masomo mapema, maana mwaka wa Law School huwezi kuufanya ukiwa unashika chaki.