Miwani ya progresivu: nani alikupima urefu?

Nimevaa progresivu, ile miwani ya lenzi moja inayoonyesha mbali kwa juu na kusomea kwa chini, wiki tatu. Mbali naona vizuri, lakini nikitaka kusoma lazima ninyanyue kidevu mpaka shingo inauma. Dukani wanasema nitazoea. (Mwalimu, Morogoro)

Usizoee, Mwalimu. Kinachozoeleka ni ukungu wa pembeni, si shingo kuuma. Kidevu kikipanda ili usome, mara nyingi lenzi imekaa chini mno. Kikishuka ili uone mbali, imekaa juu mno.

Siku ile ulipopimwa, kuna mtu alikaa mbele yako, macho yake usawa na yako, wewe ukiwa umevaa fremu uliyoichagua, akatia nukta ya kalamu kwenye plastiki inayokuja na fremu, mbele ya kila mboni? Kama hakuna, urefu, yaani mboni iko juu kiasi gani kwenye fremu, walikisia. Hilo linanikera kila wiki: watu wanalipa pesa nyingi, wanapimwa kwa rula tu, basi.

Rudi nayo. Lenzi ipulizie pumzi ya mdomo, utaona alama mbili ndogo zilizochongwa, zimeachana milimita 34. Fundi aipange juu ya karatasi ya mtengenezaji inayoonyesha msalaba ukae wapi, auchore kwenye lenzi, uvae, utazame mbele. Msalaba usipoangukia katikati ya mboni, watengeneze upya kwa gharama yao. Ikiwa umepungua milimita moja tu, kubana vile vipedi vya pua hupandisha fremu.

Umbali kati ya mboni zangu ni milimita 64. Nigawe kwa mbili niagize mtandaoni?

Hapana, na nimeshalijibu hili mara nyingi. Pua haiko katikati kwa kila mtu. Unaweza kuwa na 31 na 33. Njia ya kusomea ndani ya lenzi ni nyembamba, na urefu mtandaoni utaupata wapi?

Fremu ndogo inafaa?

Ikibaki chini ya milimita 14 kutoka mboni hadi ukingo wa chini, iache.

Pembeni naona ukungu. Lenzi mbovu?

Ndivyo zilivyo. Geuza kichwa, si macho tu. Za bei kubwa hupunguza ukungu, haziuondoi.

Baba ana miaka 78, anajikwaa kwenye ngazi akiivaa.

Akitazama chini anapitia sehemu ya kusomea, ngazi inakuwa ukungu. Mtengenezee miwani ya pili, ya kuona mbali tu, ndiyo atembelee nje na kupandia daladala. Progresivu abaki nayo nyumbani, akiwa ameketi. Na usingoje aanguke: mpeleke wiki hii.