Mtoto aliyesema "bora nisingezaliwa": jibu kwa mama wa Urambo

Mama mwenzangu wa Urambo, nimeusoma uzi wako pamoja na majibu yaliyotangulia. Umesema kijana wako wa kidato cha tatu amepanga chumba hapa Tabora mjini, na likizoni alimwambia dada yake "bora nisingezaliwa". Waliokujibu, wengine wamesema ni mapenzi na simu, wengine wamesema fimbo na maombi. Wewe umeuliza mambo mawili: kipi hasa kinamfikisha kijana wa mjini kwenye kutaka kujiua, na je, umrudishe nyumbani? Mimi ni mwalimu, nashughulikia malezi na ushauri nasaha katika shule ya kutwa hapa manispaa. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Kwanza kauli ile usiipuuze. Wapo wanaoamini kwamba anayesema hafanyi. Si kweli. Wengi waliojiua walikuwa wameshasema, ila walisema kwa mafumbo na hakuna aliyewauliza zaidi. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu 720,000 wanaokufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 29 hiyo ni sababu ya tatu ya vifo. Kwa hiyo mwanao si kituko wala hajarogwa.

Hayo ya mapenzi na simu, nisikilize vizuri. Kuachwa na mpenzi, au picha kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, mara nyingi ni jambo la mwisho kutokea, ndiyo maana watu hulikumbuka hilo tu. Chini yake huwa kuna mengine ya muda mrefu: sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) isiyotibiwa, kipigo cha nyumbani, kuonewa na wenzake, ukatili wa kingono, pombe, msiba wa mzazi ambao hakuna aliyezungumza naye habari zake. Tena sonona kwa kijana haiji kila mara kwa machozi. Aliyekuwa mpole anakuwa mkali, halali usiku au analala mchana kutwa, ameacha mpira, anagawa vitu vyake alivyovipenda. Tunamwita jeuri, tunachukua fimbo.

Sasa nikuambie kuhusu mageto, yaani vyumba vya kupanga ambamo wanafunzi wanaishi peke yao, maana hapo ndipo mwanao alipo. Watoto wa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui wanapangishiwa vyumba Ng'ambo, Isevya, Ipuli. Mzazi analipa kodi, anaacha unga, maharage na kidumu cha mafuta, anarudi shamba. Msimu wa tumbaku ukipamba moto mzazi yuko mabanini akikausha tumbaku na simu haipatikani. Mtoto wa miaka 15 au 16 anabaki kuwa baba na mama wa nafsi yake. Unga ukiisha, msichana anapata "msaada" wa mwenye duka au wa bodaboda, na msaada huo una bei yake. Mvulana anaweka hela ya kodi kwenye mikeka ya kubeti akitumaini itazaa, inaliwa, anaanza kumkwepa mwenye nyumba. Akichelewa shule anachapwa, akichoka kuchapwa anakuwa mtoro, na barua ya kumwita mzazi anaificha. Kila hatua inamwongezea jambo moja la kuficha. Na usiku hakuna mtu mzima anayemwona kwamba hajala wala hajalala. Mtoto anayekaa kwa mjomba au shangazi naye asidhaniwe yuko salama moja kwa moja. Nimewahi kukaa na watoto wanaoteswa na yule yule anayewalipia mahitaji ya shule, na wamefunga mdomo kwa sababu hiyo.

Lakini ukiniuliza ni kijana yupi ninayemhofia kuliko wote, nitakujibu: yule ambaye ameshajaribu. Hakuna dalili ya hatari inayoizidi hiyo. Na hapo ndipo jamii yetu inapofanya vibaya kabisa.

Kuna msichana mmoja aliokolewa na majirani. Nyumbani walikubaliana iwe siri, shuleni tukaambiwa ana malaria. Alirudi darasani baada ya siku chache tu, na kwao akawa anaitwa mtia aibu. Mimi niliambiwa na rafiki yake. Nilipokaa naye aliniambia hakuna hata mmoja aliyemuuliza kwa nini. Walimuuliza tu kama anataka kuwafunga. Alikuwa bado anataka kufa, na alikuwa anatabasamu mstarini kila asubuhi. Ilibidi mama yake aelezwe polepole, na shangazi mmoja mwenye busara akasaidia, mpaka wakakubali kumpeleka hospitali. Alitibiwa, akamaliza kidato cha nne.

Lile neno la kufungwa halikutoka hewani. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na familia zinakijua hata kama hazijawahi kukisoma. Kwa hofu hiyo mtoto anafichwa, na akifichwa hatibiwi. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha aina hiyo, cha 226, kinapingana na Katiba. Natamani nasi tufike huko. Lakini kwa sasa, mzazi yeyote asiache hofu ya polisi imzuie kufika hospitali. Uhai kwanza.

Jambo jingine linahusu wakulima wa tumbaku moja kwa moja. Dawa za shambani zisikae chumba anacholala kijana, wala zisihifadhiwe kwenye geto lake kwa kuwa ni karibu na duka mnaponunulia. Zifungiwe kwa kufuli, ufunguo ukae na mtu mzima, na vidonge vya hospitali vivyo hivyo. Sri Lanka walipopiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, vifo vya kujiua vilipungua sana miaka iliyofuata. Kwa vijana wengi hamu ya kufa hupanda ghafla kisha ikashuka. Ikimkuta hana kitu cha hatari karibu, na ana mtu karibu, mara nyingi inapita.

Basi ufanye nini? Usimhoji kwenye simu. Panda gari uje, ulale naye hapo hapo kwenye chumba chake. Mle pamoja, kisha muulize waziwazi: "Mwanangu, umewahi kufikiria kujiua?" Usiogope neno lenyewe. Utafiti umeonyesha kwamba kumuuliza hakumpandikizii wazo, na wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye mtu ameuliza. Akijibu ndiyo, usilie mbele yake kwa kelele, usimtajie moto wa jehanamu, usimwambie unavyohangaika kumsomesha. Nyamaza umsikilize. Sheikh au padri wa kumwombea atafutwe, sipingi, ila asitangulie kabla ya daktari.

Akisema ameshapanga namna au siku, asibaki peke yake hata usiku mmoja. Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, na useme wazi kwamba mtoto anataka kujiua, usiseme ni kichwa kinamuuma. Namba 116 ni ya bure, ya huduma ya simu kwa mtoto. Unaweza kupiga wewe au akapiga yeye. Kama kuna mtu anayemdhuru, Dawati la Jinsia na Watoto liko polisi.

Kumrudisha nyumbani? Getoni nisingemwacha kwa sasa. Yuko kidato cha tatu, mtihani wa taifa ni mwakani, wiki chache nyumbani hazitamharibia masomo. Ila muulize yeye kwanza anataka kukaa na nani, kwa sababu hujui bado kama anachokikimbia kiko mjini au kiko huko huko kwenu. Ukija kumwombea ruhusa, mwambie mwalimu wa malezi peke yake, faraghani, na mwombe asilifikishe ofisi nzima ya walimu.