Ukiweka tyubulesi, usiitupe tyubu

Nikiulizwa baiskeli ya gia iwekwe tyubu au tyubulesi, yaani tairi lisilo na tyubu ndani, nami huuliza: unapita wapi? Kama safari zako ni za hapa mjini Tabora, Ipuli hadi sokoni, baki na tyubu. Fundi wa chini ya mwembe ana viraka na solusheni, na kahawa yako haijaisha umeshaondoka.

Mimi napita maporini. Vijia vya ng'ombe upande wa Kwihara vina mbigiri na miiba ya migunga, na kiangazi hakuna huruma. Enzi za tyubu niliziba pancha karibu kila safari. Nikipunguza upepo ili tairi lishike mchanga, tyubu inabanwa kati ya jiwe na ringi, inatoka matundu mawili sambamba. Tyubulesi ilinitoa huko. Kwa kilo zangu 70 najaza upepo wa psi 24 (kipimo cha msukumo wa upepo), zamani ilikuwa 35, na baiskeli inatulia. Mwiba ukiingia, dawa ya pancha iliyomo ndani, ambayo ni utomvu wa mpira, inakimbilia tundu na kuganda.

Sasa hiyo dawa hukauka. Kwa joto letu miezi miwili mitatu inatosha, na mimi nilisahau. Mwezi wa tisa upepo ukaniishia porini. Sikuogopa, tyubu ya akiba ninayo! Nikang'oa valvu ya tyubulesi, nikaweka tyubu, nikapampu, nikapanda. Hata dakika mbili hazikufika: pssss.

Kumbe tairi la tyubulesi hukusanya miiba kimyakimya. Dawa inaziba kila tundu, ncha zinabaki zimechomoza kwa ndani, wewe hujui. Tyubu yangu mpya nilikuwa nimeilaza juu ya miiba ya miezi yote ile. Nilisukuma baiskeli hadi mjini.

Kwa hiyo kabla ya kuweka tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote. Kitanasa penye ncha. Usitumie vidole, utajuta. Beba na koleo dogo la kung'olea.

Ringi za mtumba zisizotengenezwa kwa tyubulesi usihangaike nazo. Na siku ya kufunga nenda penye kompresa, maana pampu ya mkono mara nyingi haisukumi upepo kwa kasi ya kulikalisha tairi kwenye ringi.

Tarehe ya kuongeza dawa siku hizi naiandika kwenye plasta niliyobandika chini ya kiti.