Wakili wa Tanzania na mtihani wa uwakili wa New York

SWALI: Nina shahada ya kwanza ya sheria, miaka minne ya darasani Tanzania, kisha nikapitia mafunzo ya vitendo na kuapishwa uwakili. Sasa niko New York na mume wangu. Kila ninayemuuliza ananiambia nianze upya, miaka mitatu. Ni kweli? Na hiyo sheria ya kawaida (common law, inayojengwa na hukumu za majaji) ya Wamarekani ni ile ile tuliyofundishwa nyumbani?

JIBU: Dada, usilipe ada popote kwanza. Wanaokutajia miaka mitatu wana maana ya JD, shahada ambayo Mmarekani huisomea akiwa tayari ana shahada nyingine, hata ya kemia au muziki. Kwao hakuna anayetoka sekondari akaenda moja kwa moja kusoma sheria, ndiyo maana shahada yetu huwachanganya.

New York ina njia nyingine, kanuni ya 520.6 ya Mahakama ya Rufani ya jimbo. Inapima mambo mawili: muda uliosoma, na asili ya sheria uliyosoma, yaani kama nchi yako imejenga sheria zake juu ya sheria ya kawaida ya Uingereza. Ukitimiza yote mawili unaingia kwenye mtihani bila kurudi darasani. Likipungua moja, unaziba kwa shahada ya uzamili ya krediti 24 katika chuo cha Marekani. Yakipungua yote mawili, hata uzamili hauzibi. Mwenzetu wa Bujumbura au Kinshasa, ambaye sheria yake ilitoka Ubelgiji, hata akiwa ametimiza muda, hana budi kupitia huo uzamili.

Wewe kwenye asili umesimama pazuri. Unaikumbuka tarehe 22 Julai 1920, ile ya kifungu cha 2(3) cha JALA, sheria yetu ya Tanzania inayosema mahakama zitumie sheria zipi, tuliyoikariri bila kujua itatufaa wapi? Sheria ya kawaida ya Uingereza kama ilivyokuwa siku hiyo ndiyo tuliyopokea. New York nao wana tarehe yao. Katiba yao ya mwaka 1777 ilichukua sheria ya Uingereza kama ilivyotumika kwenye koloni hilo tarehe 19 Aprili 1775, siku risasi za kwanza za vita vya uhuru zilipolia Lexington. Mfalme walimkataa, sheria zake wakabaki nazo.

Kinachokwamisha watu ni karatasi. Bodi ya watahini inataka matokeo yako yatoke chuoni yenyewe, si mkononi mwako, pamoja na uthibitisho wa uwakili wako. Anza mwaka mzima kabla, na mtume ndugu akasimame dirishani pale chuoni, maana barua pepe hulala.

Mtihani wenyewe, ambao huku huitwa baa (usicheke), ni wa siku mbili, hufanyika mara mbili kwa mwaka, Februari na Julai, na New York inataka alama 266 kati ya 400. Kuna mtihani wa maadili ya uwakili, alama 85, na mwingine mfupi wa sheria za New York. Ongeza saa 50 za msaada wa kisheria bila malipo. Muundo wa mtihani unaanza kubadilika jimbo kwa jimbo kuanzia 2026, kwa hiyo usinunue vitabu vya mtumba kabla hujauliza.

Kuhusu swali lako la pili: shina ni moja. Chukua kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson, 1932, mwanamke aliyemshtaki mtengenezaji kwa konokono kwenye chupa ya soda ya tangawizi. Hakuna mwanafunzi wetu asiyemjua konokono huyo. Lakini fungua hukumu ya Lord Atkin, mmoja wa majaji wa kesi hiyo, uone anamtegemea nani: Jaji Cardozo wa New York, katika kesi ya MacPherson dhidi ya Buick ya 1916. Gurudumu la mbao lilivunjika, mwenye gari akaumia, na kiwanda kikajitetea kwamba gari alilinunua kwa wakala, hawana mkataba naye. Cardozo aliukataa utetezi huo miaka 16 kabla ya konokono.

Usichokizoea ni matawi. Mwaka 1934, Harry Tompkins alikuwa akitembea usiku kando ya reli huko Pennsylvania, kitu kilichochomoza kwenye treni kikamgonga, akapoteza mkono. Juri, yaani raia wa kawaida walioketi kuamua kesi, lilimpa dola 30,000. Mwaka 1938 Mahakama ya Juu ya Marekani ikatengua: hakuna sheria ya kawaida moja ya Marekani nzima, kesi ifuate sheria ya Pennsylvania, na huko mpita njia kando ya reli alihesabiwa mvamizi. Tangu hapo, kwa masuala ya namna hii, kila jimbo lina yake, na Louisiana hata shina lake si la Kiingereza, ina mkusanyo wa sheria za kiraia wenye asili ya Kifaransa na Kihispania.

Kwa hiyo ukiwa mbele ya jaji wa New York na hukumu ya California mkononi, ichukulie kama hukumu ya Nairobi mbele ya jaji wa Dodoma. Ataisoma, pengine ataipenda, lakini haimfungi.